Tumerusha setilaiti kwa roketi ya kushea: bei ya kilo ni kweli imeshuka, ila soma hapa kabla hujasaini

Watu wananiuliza sana kilo moja kwenda angani ni bei gani, na mimi mwenyewe ndo swali nililoanza nalo miaka mitatu iliyopita pale timu yetu ilipoamua kurusha setilaiti yetu ya kwanza kwa roketi ya kushea, yaani roketi moja inayobeba setilaiti za watu wengi. Sasa hivi setilaiti iko juu, inafanya kazi, madeni yote tumeshalipa, risiti ninazo, kwa hiyo naandika kama mteja aliyetoa hela yake mfukoni akaona mwanzo mpaka mwisho.

Kwa wenye haraka jibu langu ni hili: huduma ni nzuri na roketi yenyewe sina lalamiko nayo hata moja, lakini ile bei ya kilo iliyotangazwa sio bei utakayolipa wewe mwenye mzigo mdogo, na tofauti imejificha sehemu ambazo hakuna anayekutajia mpaka umeshasaini. Wenye muda tuendelee.

Setilaiti yetu ni ile ya saizi wanayoita 3U (vipande vitatu), sentimita 10 kwa 10 kwa 34, yaani kama chupa kubwa ya chai tu ukiiangalia kwa mbali, na uzito wake ni kilo 4 na kidogo. Saizi hizi za vipande vya sentimita 10 zilianzia 1999 kwa maprofesa wawili wa Marekani, Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, walitaka wanafunzi waweze kutengeneza setilaiti wakamaliza kabla hawajahitimu, na uzuri wake ni kwamba ukifuata vipimo unaingia kwenye boksi la mtu yeyote na boksi linafungwa kwenye roketi ya mtu yeyote. Shika hilo la boksi maana ndo limetutesa, nitarudi.

Kwanza bei, maana hapa pana habari njema kweli na lazima isemwe. Space shuttle ya Marekani, kile chombo cha zamani cha kubeba watu na mizigo angani, ukichukua gharama za mradi mzima ukagawa kwa safari zake, kila safari inaangukia karibu dola bilioni 1.5, na ilikua inabeba kama kilo 27,500 kwenda obiti ya chini (njia ya kuzunguka dunia kwa karibu), kwa hiyo kilo moja inatoka kwenye dola 54,500 hivi. Hesabu hiyo ilipigwa na mtafiti wa NASA mwaka 2018, na pembeni yake akaweka Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX ya Elon Musk, ambayo wakati ule ilitangazwa dola milioni 62 kwa uwezo wa kilo 22,800, ikatoka dola 2,720 kwa kilo. Mara 20 chini! Namba hiyo ya 2,720 imesambaa kila mahali na ndo watu wengi wanakuja nayo kichwani, na mimi pia nilikuja nayo.

Sasa naomba uitazame vizuri. Hizo kilo 22,800 ni pale roketi inapotumia mafuta yake yote kubeba mzigo na kipande cha chini kikaachwa kipotee baharini. Kikirudi kutua inabidi kibakize mafuta ya kurudia, kwa hiyo mzigo unapungua mpaka tani 17 na kitu. Na ile milioni 62 ilikua bei ya roketi ambayo kipande chake kinarudi. Kwa maneno mengine wamechukua bei ya safari moja wakaigawa kwa uwezo wa safari nyingine, na hata ukirekebisha hesabu bado ni bei ya aliyejaza roketi nzima peke yake. Wewe na mimi hatujazi roketi.

Kilichoshusha bei sio mafuta kama wengi wanavyodhani. Falcon 9 ikiwa imesimama kwenye pedi ina uzito wa tani 549 na sehemu kubwa sana ya hizo ni mafuta ya taa yaliyosafishwa na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji, lakini Elon Musk amewahi kusema mwenyewe kwamba mafuta yote hayo ni kama dola 200,000 tu kwa safari. Gharama ni chuma. Ni zile injini 9 za chini, matangi, vifaa vya kuongozea, vyote hivyo zamani vilitumika dakika chache halafu vikazama. Desemba 2015 ndo kipande cha chini cha Falcon 9 kikatua salama mara ya kwanza, Machi 2017 kikarushwa kimoja kilichokwisha kutumika, na leo vipo ambavyo vimeruka zaidi ya mara 30. Nilipoona picha ya kimoja kimejaa masizi kutoka chini hadi juu kikiwa kinaandaliwa kupanda tena nilielewa hii bei inatoka wapi kuliko maelezo yote niliyowahi kusoma.

Lakini gharama zao kushuka hakumaanishi bei kwako inashuka kwa kasi ile ile, na hili ndo jambo linaloniuma kidogo. Ile milioni 62 ilipanda ikawa 67 mwaka 2022, na 2024 ikafika karibu 70. Roketi inazidi kurudi, wanazidi kuizoea, bei inapanda. Siwezi kusema wanakosea, muuzaji anauza kwa bei ambayo soko linakubali na washindani wake bado wako mbali, ila ukiwa unapanga bajeti usijidanganye kwamba ukisubiri miaka miwili utakuta imeshuka. Kwenye roketi ya kushea ndo kabisa imekua kinyume. SpaceX walipotangaza mpango wa kushea Agosti 2019 walianza na dola milioni 2.25 kwa kilo 150, na ndani ya mwezi huo huo wakateremka mpaka milioni 1 kwa kilo 200, yaani dola 5,000 kwa kilo, na hapo dunia nzima ya setilaiti ndogo ikachangamka. Tangu hapo inapanda kidogo kidogo. 2024 ilikua dola 300,000 kwa kilo 50 za mwanzo na 6,000 kwa kila kilo inayoongezeka, 2025 ikawa 325,000 na 6,500. Sisi tulichelewa kuamua na tukaiona ikipanda mbele ya macho yetu.

Hata hivyo kuna kitu nawapa nyota zote tano bila kusita: bei ipo wazi. Unaingia kwenye tovuti yao, unaandika uzito na obiti na mwaka unaotaka, namba inatoka pale pale. Kwa wazee wa kazi hii hilo ni jambo kubwa sana maana zamani unaandika barua, unasubiri wiki kadhaa, unaitwa kikao, unapewa bei ambayo mwenzako aliyeuliza mwezi uliopita alipewa tofauti.

Haya, tuje kwenye tatizo. Angalia tena: kilo 50 za mwanzo. Sisi tuna 4. Hakuna namna ya kwenda na kilo 4 ukalipia kilo 4, sehemu ni sehemu, ukiichukua unailipia nzima. Kwa hiyo watu wa saizi yetu wote tunapita kwa mawakala. Wakala ananunua sehemu kwenye roketi, anafunga pale maboksi yake ya kufyatulia setilaiti, anauza nafasi moja moja. Na sio ujanja, kazi anayoifanya ni ya kweli, boksi lake lina springi na mlango na umeme wa kufungulia, limepimwa na kuidhinishwa, na makaratasi yote na kampuni ya roketi anayabeba yeye. Ila boksi lina uzito wake na unalilipia, uhandisi wake unaulipia, faida yake unailipia. Nilikaa jioni moja nikagawa kile tulichomlipa kwa kilo zetu, namba niliyopata ilikua mara kadhaa ya ile 6,000. Hapo bado sijaingiza majaribio.

Sasa majaribio. Roketi inatikisa sana na hakuna anayekubali kitu chako kikae karibu na setilaiti ya mwenzako ya mamilioni bila ushahidi kwamba hakitavunjika njiani. Unakodi meza ya kutetemesha, setilaiti inafungwa pale, inatikiswa kwa pande tatu, na sauti yake nisikufiche inatisha, ni mngurumo unaosikia mpaka kwenye meno, na wewe umesimama nyuma ya kioo unaangalia kitu ulichokijenga mwaka mzima. Kinachofanyika ni kwamba kabla ya mtikiso mkubwa wanaipima kwa mtikiso mdogo wanachora mstari wa jinsi inavyoitikia, halafu baada ya mtikiso mkubwa wanachora tena, mistari ikilingana maana yake hakuna kilicholegea. Ya kwetu haikulingana. Kilele kimoja kilikua kimesogea. Tukafungua, saa nne tunatafuta, tukakuta skrubu moja ya kushikilia bodi ya betri imezunguka nusu duara kwa sababu haikuwekewa gundi, zilizobaki zote zilikua na gundi isipokua hiyo. Tukarudia, siku nyingine ya meza, bili nyingine. Halafu chemba ya ombwe, siku kadhaa inapashwa moto na kupozwa bila hewa, hiyo nayo ina bei yake kwa siku na usiku unahesabiwa.

Ushauri wangu kwenye hili, weka kwenye bajeti hela ya kurudia kila jaribio mara moja. Sio kama dharura, kama sehemu ya gharama kabisa. Sijakutana na timu ya mara ya kwanza ambayo haikurudia.

Na boksi sasa. Setilaiti inateleza ndani ya boksi kwa reli nne za pembeni, na kipimo cha upana ni milimita 100, ukizidi au kupungua zaidi ya milimita 0.1 umefeli. Sisi tulipima reli zetu tukapata 100.08, tukafurahi, tukapeleka kupakwa lile tabaka gumu la juu ya alumini ambalo linahitajika ili zisigande na boksi kwenye ombwe. Hakuna aliyekumbuka kwamba ule upakaji unaongeza unene. Ni kidogo mno, lakini unaongeza pande zote mbili. Siku ya kujaribisha fundi wa wakala akavaa glavu, akaisukuma taratibu kwa kidole, ikaingia robo, ikasimama. Akaitoa, akaifuta, akarudisha, ikasimama pale pale. Akachukua kipimo: 100.13. Hakusema kitu, akatuonyesha tu kioo cha kipimo. Tofauti ya unene mdogo kuliko unywele ilitugharimu wiki sita, kuvua reli, kuzikwangua, kuzipaka upya, kuzifunga, na kwa sababu umefungua setilaiti basi mtetemo unapimwa tena. Kama unajenga, lenga 99.95 kabla ya kupaka na upime tena baada ya kupaka. Hii peke yake ikimwokoa mtu mmoja nitakua nimefaidika kuandika.

Kuna gharama nyingine ndogo ndogo ambazo sitazikalia sana: kibali cha masafa ya redio ambacho kinaanzia kwenye mamlaka ya nchi yako mpaka umoja wa kimataifa wa mawasiliano na kinachukua muda mrefu kuliko kujenga (anza nacho siku ya kwanza, nasisitiza), usafiri wa betri za lithiamu ambazo kwa ndege zikienda peke yake hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji, tiketi na malazi ya watu wawili kwenda kuifunga, kodi za mpakani. Bima hatukuchukua. Kwa setilaiti ya saizi hii timu nyingi zinaona bora ile hela ijenge nakala ya pili ikae kabatini, na sisi tukafanya hivo hivo, na moyo ulitulia zaidi kuliko karatasi yoyote ya bima. Roketi inaweza kulipuka, hilo lazima ulikubali kabla hujalipa. Oktoba 2014 roketi ya Antares ililipuka sekunde chache baada ya kuwaka na setilaiti 26 za kampuni ya Planet zikaishia pale pale, na wao kwa kuwa wanajenga nyingi na za bei nafuu waliendelea na kazi.

Hapa nifike kwenye malalamiko yangu halisi, na simtaji wakala maana nia yangu ni wewe ujue cha kuangalia. Tulikua tumeshamaliza kila kitu, setilaiti imeshaingia boksini, imeshapimwa, iko stoo kwa wakala inasubiri. Ijumaa jioni ikaja barua pepe ya mistari mitatu: mmehamishiwa safari inayofuata. Sababu, idhini ya boksi jingine lililopo kwenye sehemu yao haijakamilika. Safari inayofuata ni miezi minne mbele. Tukapiga simu tukaambiwa someni kifungu, na kweli kifungu kipo, wakala anaruhusiwa kumhamisha mteja safari moja bila fidia yoyote. Alafu kifungu kinachofuata kinasema mteja akitaka kuhama yeye, analipa. Na kingine kinasema mteja akichelewa kuleta setilaiti wanaweka kipande cha chuma chenye uzito ule ule mahali pake ili roketi isiyumbe, na hela hairudi. Vyote hivyo tulisaini. Nilivisoma kwa haraka sana nikidhani ni yale maneno ya kawaida ya mikataba.

Miezi minne kwa setilaiti iliyokaa stoo sio mchezo, betri inapungua yenyewe polepole. Tuliuliza kuhusu kuichaji, tukaambiwa inawezekana, fundi atachomeka waya kwenye mlango mdogo wa pembeni ya boksi, na bili yake hii hapa. Ada ya stoo nayo kuanzia mwezi wa pili. Yaani tumehamishwa sio kwa kosa letu na tunalipia kukaa. Hapo ndo nilikasirika kweli, na mwenzangu mmoja ambaye mkataba wake wa kazi ulikua unaisha kabla ya tarehe mpya ilibidi aondoke, aliyeandika programu ya redio yote hakuwepo siku setilaiti yake inaruka. Hiyo gharama haipo kwenye jedwali la mtu yeyote.

Suala la obiti pia ulielewe. Roketi ya kushea ni kama basi, ina njia yake na vituo vyake. Safari nyingi za kushea zinakwenda obiti inayopita karibu na ncha za dunia, kilomita 500 na kitu juu, ambapo kila setilaiti inapopita juu ya mahali fulani inapakuta kwenye saa zile zile za jua. Kwa kamera ya kupiga picha ardhi ni obiti nzuri mno, sisi ilitufaa kabisa. Lakini kama kazi yako inataka obiti iliyo karibu na ikweta utalipia kitu ambacho hakikusaidii. Kuna safari nyingine za kushea zilizoanza 2024 zinazokwenda kwenye mwinamo wa kati, yaani obiti iliyoinama nyuzi 45 hivi kutoka ikweta, angalia kama zinakufaa. Na kuna vyombo vidogo vya kuvuta, unashushwa navyo kisha vinakusogeza taratibu mpaka unapotaka, hiyo ni bei juu ya bei.

Au kodi roketi yako mwenyewe. Electron ya Rocket Lab ambayo inarukia Mahia kule New Zealand inabeba hadi kilo 300 kwenda obiti ya chini, na bei yake imekua kwenye dola milioni 7.5 hivi. Ukiijaza kabisa ni dola 25,000 kwa kilo, mara nne ya kushea. Lakini unachagua obiti, unachagua wiki, na hakuna boksi la mtu mwingine la kukuchelewesha. Zamani nilikua nawashangaa wanaolipa bei hiyo, baada ya ile barua pepe ya Ijumaa nimeacha kuwashangaa. Kampuni yenye mkataba wa kuuza data kuanzia tarehe fulani, miezi minne ya kusubiri inaweza kula zaidi ya hiyo tofauti. Kwa timu ya watafiti kama yetu hapana, hatufiki huko. Na timu za vyuo zisizo na hela kabisa ziulizie njia ya kutokea kituo cha anga cha kimataifa, kuna mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani unaoitwa KiboCUBE unaotoa nafasi bila malipo kwa nchi zinazoendelea, ni ya ushindani lakini ipo, ila ujue kule ni chini, kilomita 400, setilaiti haidumu muda mrefu kabla hewa haijairudisha.

Kuhusu Starship, ile roketi kubwa mpya ya SpaceX, watu wananiambia ngoja, itakuja kushusha kilo mpaka dola chache. Niliona Oktoba 2024 mnara ukikamata kile kipande cha chini kikirudi kutoka juu na nilisimama kwenye kiti, sikatai, inawezekana. Lakini bei iliyoko kwenye midomo ya watu huwezi kuiandikia hundi. Panga kwa bei iliyotangazwa leo na uongeze kidogo kwa mwaka.

Siku ya kuruka yenyewe nitasema kidogo tu. Ilikwenda salama, roketi ilifanya kila kitu kwa sekunde iliyotajwa, kipande cha chini kikarudi kikatua, zaidi ya saa moja baadaye mlango wa boksi letu ukafunguka. Setilaiti ikitoka hairuhusiwi kurusha mawimbi mpaka dakika 45 zipite ili isisumbue wengine, dakika hizo sizitamani tena.

Kilichofuata ndo hakuna aliyetuandaa nacho. Unapotoka na wenzako kadhaa wa kadhaa kwenye roketi moja (safari ya kwanza ya mpango huu Januari 2021 ilishusha setilaiti 143) mnakua kundi moja la nukta zinazofuatana, na jeshi la Marekani ambalo ndo linafuatilia vitu vya angani linaziorodhesha kwa herufi tu, kitu A, kitu B, kitu C. Hakuna anayejua ipi ni yako. Antena yetu ilikua na dakika kumi tu kila setilaiti ikipita, na kama umeelekeza kwenye nukta isiyo yako unasikia kelele tupu. Siku ya pili tukanasa mlio wetu, hafifu, alafu ukapotea. Tukaanza kazi ya kuchora: setilaiti ikikujia sauti ya redio inakua juu kidogo, ikikuacha inashuka, kwa masafa yetu ya megahezi 437 inahama kama kilohezi 10 kila upande, na umbo la ule mteremko ni tofauti kidogo kwa kila nukta. Tulichora kila mpito, tukailaza juu ya mistari ya nukta zote moja moja. Siku ya 11 mteremko ukalala sawasawa juu ya nukta moja tu na nyingine zote zikakataa. Tulipiga kelele mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Kwenye safari moja ya Desemba 2018 iliyobeba setilaiti 64 kuna zilizokaa miezi bila kutambulika, kwa hiyo 11 ni bahati. Weka kifaa cha GPS ndani, au hata taa ndogo au kioo cha kurudisha leza, gramu chache hizo.

Nyota zangu basi. Roketi yenyewe 5 kati ya 5. Uwazi wa bei ya roketi 5. Wakala 2, na hizo mbili ni za yule fundi wa glavu ambaye alitupokea vizuri mara zote tatu na hakuwahi kutuficha kitu. Thamani ya hela kwa ujumla 4, kwa sababu hata nikijumlisha meza ya mtetemo mara tatu, reli, stoo, chaji na yote, bado timu ya watu wachache imeweza kufanya kitu ambacho kizazi kilichopita kilihitaji bajeti ya serikali.

Setilaiti ya pili tumeshaianza, hii ni 6U, yaani mara mbili ya ile ya kwanza. Safari hii kabla ya kuuliza bei tuliwatumia mawakala watatu karatasi yenye mambo manne: ukituhamisha unalipa stoo wewe, kuchaji betri ni bure kipindi hicho, tukihamishwa mara mbili tunarudishiwa hela, na utuambie ni maboksi ya nani mengine yako kwenye sehemu yako na kama yameshaidhinishwa. Wa kwanza alikataa yote. Wa pili hakujibu. Wa tatu alikubali matatu akakataa lile la hela kurudi, na bei yake ilikua juu ya wa kwanza kwa asilimia chache. Tumesaini na wa tatu.